Kurudishwa kwa Watu wa Kushoto

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, ila wiki hii jina lenyewe limepelekwa kupakwa rangi, kwa hiyo mniwie radhi nikiita tu "nchi yetu". Imepakana na majirani wanaotuonea wivu, na raia wake wameridhika. Najua wameridhika kwa sababu picha zao nimezipiga mimi, na kabla ya kubonyeza huwa nawaambia watabasamu.

Naitwa Pandu. Studio yangu inaitwa Tabasamu, iko mkabala na ofisi ya wilaya, na kazi hii nimeifanya miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kuisema vibaya serikali wala Kiwanda chake cha Taifa cha Kamera, na leo sianzi. Naeleza tu yaliyotokea.

Kwanza nieleze sheria. Zamani hati zetu zilikuwa za kalamu. Siku moja ikagunduliwa kwamba kalamu inaweza kuandika uongo, jambo lililowashtua mno wakubwa, ambao walikuwa wakiitumia miaka yote ile bila kujua. Ndipo ikatungwa Sheria ya Ushahidi wa Picha, yenye kifungu kimoja tu: kisichoonekana pichani hakikutokea. Ukioa, upigwe picha. Ukinunua shamba, upigwe picha. Ukifa, upigwe picha, maana wapo waliokufa bila picha wakaendelea kutozwa kodi ya kichwa. Na picha iwe ya kamera ya Kiwanda cha Taifa, ile inayogonga muhuri mdogo kwenye pembe ya filamu. Ya kamera nyingine ni urembo wa ukutani.

Kisha kuna jadi, ambayo ni ya kale kuliko sheria. Kwetu watu hawasimami ovyo mbele ya kamera. Mkubwa hukaa katikati, shahidi kulia, mhitaji kushoto. Kwenye ndoa bwana harusi ndiye mkubwa, mjomba wake ndiye shahidi, na bibi harusi ndiye mhitaji, ingawa chakula chote cha siku hiyo kapika mama yake. Kwenye mauzo ya shamba mhitaji ni mnunuzi. Kwenye msaada wa mahindi mhitaji anajulikana.

Na mwisho kuna Kijitabu cha Dhamana. Kila kamera iliyotoka kiwandani ilikuja na kijitabu chekundu cha kuenea kiganjani, na ukurasa wa kwanza ulisema hivi: "Kasoro ikiwapo, Kiwanda kitakuwa cha kwanza kuisema. Kitaziita kamera zake nyumbani, kitazitengeneza, na kitamwomba radhi kila aliyeumia." Nilikuwa nimeyahifadhi maneno hayo kama wengine wanavyohifadhi dua. Wateja wakinung'unika, nawasomea. Nilikipenda kiwanda kile, sifichi. Nilikipenda kuliko baadhi ya shemeji zangu.

*

Miaka minne iliyopita ikatoka Kamera Namba Saba. Ilizinduliwa kwa gwaride. Mkurugenzi wa Kiwanda alisema ni nyepesi, na kweli ilikuwa nyepesi, ukiinyanyua unajiuliza kama umeisahau nyumbani.

Nilipewa ya kwangu na rafiki yangu Shaweji, Mhandisi Mkuu wa Kiwanda. Huyu tulikaa dawati moja darasa la kwanza hadi la saba. Yeye alikuwa anajua hesabu, mimi nilikuwa najua kuchora, basi tukawa tunanakiliana, na walimu wakadhani wote wawili tuna akili. Mtu wa namna hiyo humwiti rafiki, unamwita ndugu.

Mwaka huohuo Shaweji alimwoza binti yake Mwatima, siku ya Alhamisi, na mimi ndiye mpigapicha. Asubuhi alinijia studio na kamera yake mwenyewe mkononi, Namba Saba vilevile.

"Leo tumia hii yangu," akasema. "Ya kwako ipumzike."

"Kwani zina tofauti?"

"Hazina tofauti hata chembe, bwana wee. Ni mapenzi tu ya mzazi. Nataka mwanangu apigwe kwa kamera ya baba yake."

Niliona nimepewa heshima kubwa. Picha zilitoka safi. Mwatima pale kushoto, kando ya bwana wake, anaonekana mpaka pengo la meno ya mbele, na hina ya vidole ungeweza kuihesabu. Jioni nikairudisha kamera ya Mhandisi, na yeye akaipokea kwa mikono miwili na kuikunjia ndani ya taulo.

Kesho yake, Ijumaa, nikampiga jirani yangu Ngwali, mshona nguo, aliyekuwa anamwoa Siwema. Wote wawili walikuwa watu wazima, wameshaonja ndoa moja moja wakashindwa, na sasa wamekutana wakiwa na akili zao. Ngwali katikati, mjomba wake mkongwe kulia, Siwema kushoto. Ngwali alimwekea mkewe mkono begani, jambo lisilo la kawaida kwetu, na mjomba akakohoa. Nikawaambia watabasamu. Kamera ilikuwa yangu.

Jumatatu Siwema alikuja kuchukua picha. Aliitazama, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Kaka Pandu," akasema, "mimi niko wapi?"

Ngwali alikuwepo na mjomba alikuwepo, amekunja uso. Kushoto palikuwa peupe, kuanzia juu hadi chini, upana wa mwanamke mmoja. Mkono wa Ngwali ulikwenda hadi kwenye ule weupe ukaishia kwenye kifundo.

Sikubabaika, maana waraka ulikuwa umefika kutoka kiwandani wiki ileile, nao ulikuwa ukutani. Nikamsomea: "Weupe unaojitokeza upande wa kushoto wa picha za Namba Saba si kasoro. Ni Nuru ya Taifa, ambayo kamera za kale hazikuwa na uwezo wa kuinasa. Wapigapicha wawaeleze wateja kwa furaha." Nami nikamweleza kwa furaha.

Siwema akacheka. "Haya, nimekuwa malaika kabla sijafa."

Akaenda kuitundika sebuleni. Kicheko kile nakisikia mpaka leo, na sikipendi.

*

Mwaka huu, mwezi wa pili, Ngwali alianguka juu ya cherehani yake na hakuamka. Tulimzika kwa picha, kama inavyotakiwa. Marehemu ndiye mkubwa, kwa hiyo tulimweka katikati.

Siku ya nane akaja kaka yake, Hatibu, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amejua njia ya nyumba ile, na alipoijua hakuisahau tena. Akaenda ofisi ya wilaya kudai nyumba ya nduguye aliyekufa bila mke. Siwema akaitwa na picha yake. Nikafuatana naye, maana nilijua jambo litakwisha dakika tano.

Karani wa Kumbukumbu aliivaa miwani yake, akaiweka picha mezani, akaikagua kwa kidole.

"Namwona marehemu," akasema. "Namwona mzee mmoja amekasirika. Marehemu kaweka mkono wapi?"

"Begani kwangu," Siwema akajibu.

"Mimi naona kauweka hewani. Bwana Hatibu, nduguyo alikuwa na tabia ya kuweka mkono hewani?"

"Tangu utotoni," Hatibu akasema. "Tumehangaika naye sana."

Nikasimama. Nikasema mimi ndiye niliyepiga picha hiyo, mwanamke huyu alikuwa pale, alivaa kanga ya maua ya korosho, nilimwona kwa macho yangu haya.

Karani akanitazama kwa huruma. "Wewe uko wapi kwenye picha, mzee?"

"Nilikuwa nyuma ya kamera."

"Basi hukuwepo."

Nilikaa kitako. Nikazipitia kichwani harusi zote nilizozipiga, maziko yote, uzinduzi wa visima na wa madaraja, nikaona kwamba katika miaka thelathini na mmoja sijahudhuria hata moja.

Hukumu ikaandikwa: marehemu alioa mwanga, na mwanga haurithi. Siwema akapewa siku tisini aondoke, au alete ushahidi wa kuonekana. Tulipotoka nje hakulia. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu, "Ule waraka uliponisomea, wewe uliuamini?"

Nikamwambia niliuamini. Ilikuwa kweli, na ndiyo aibu yenyewe.

*

Sikukata tamaa. Ningekataje, na kijitabu chekundu kipo mfukoni? Nilikwenda moja kwa moja kiwandani kwa Shaweji, nikaiweka Namba Saba yangu juu ya meza yake.

Akafunga mlango. Akatoa bisibisi, akaifungua kamera kama mtu anayepasua papai, akanionyesha. Ndani kuna pazia jeusi linalopita mbele ya filamu unapobonyeza, na pazia hilo linavutwa na springi ndogo isiyozidi ukucha. Springi ikiwa dhaifu, pazia linachoka kabla halijafika mwisho. Hapo linaposita, mwanga unaendelea kuingia, na aliyesimama upande ule unamla.

"Mchoro wangu ulisema chuma cha pua," Shaweji akanong'ona. "Wao wakaweka bati."

"Chuma kilikwenda wapi?"

Akaniashiria dirishani. Uwanjani ilisimama sanamu ya Mkurugenzi, kapanua mikono, inang'aa hata ukiwa na mawingu.

"Basi mseme," nikamwambia. "Kijitabu kinasema Kiwanda kitakuwa cha kwanza kusema. Ziiteni kamera nyumbani mzitengeneze. Mwanamke wa watu atatolewa nyumbani kwake, Shaweji."

Akanishika bega. Macho yalimlegea kama zamani alipokuwa hajafanya hesabu za nyumbani na anaogopa. "Niachie mimi," akasema. "Wewe mpeleke mama huyo akajaze malalamiko. Mambo yakifika kwenye tume, nitasimama mwenyewe niseme springi ni mbovu. Niachie mimi, Pandu."

Nikamwachia. Mtu mliyekaa naye dawati moja usipomwachia, utamwachia nani?

Malalamiko katika nchi yetu yana utaratibu mwepesi. Unajaza fomu, unabandika picha ya mlalamikaji akiwa na Afisa Malalamiko, ili isije ikasemwa kwamba mtu alilalamika bila kuwepo. Picha inapigwa palepale dirishani, kwa Namba Saba ya ofisi. Afisa anakaa katikati kwa kuwa ndiye mkubwa. Mlinzi anasimama kulia kama shahidi. Mlalamikaji, ambaye ni mhitaji, tayari mmeshajua anasimama wapi.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, kwa heshima zote: "Fomu yako imepokelewa. Tunasikitika kwamba haina mlalamikaji."

Siwema akajaza tena. Akajaza mara ya tatu akiwa amevaa nyeusi tupu, labda itasaidia. Palepale dirishani nikaliona kombe kubwa la fedha ndani ya kabati la kioo, ambalo Kiwanda kilitunukiwa kwa kumaliza miaka minne bila mlalamikaji hata mmoja. Siku za Siwema zilikuwa zimebaki sitini.

*

Hata hivyo watu waliogeuka weupe pichani walikuwa wamezidi. Kila wilaya ilikuwa na wanunuzi wasiokuwa na mashamba, na wajane ambao hawakuwahi kuolewa. Hata kule kwenye msaada wa mahindi, kila picha ilimwonyesha mkubwa akimkabidhi gunia asiyekuwepo, na wafadhili wakaanza kuuliza nani anayala. Hapo ndipo tume ikaundwa, na Waziri wa Kuonekana akaja kuiendesha mwenyewe.

Shaweji aliitwa wa kwanza. Nilikaa safu ya mbele na Siwema. Nilimwambia, "Sikiliza sasa." Nilikuwa nimelinyoosha shati langu la Idi kwa ajili ya siku ile, yaani nimelinyoosha kwa ajili ya Shaweji, ili akitazama chini aone mtu wake kavaa vizuri.

Hakutazama chini. Alitazama ukuta juu ya kichwa changu.

"Mheshimiwa," akasema, "nimeichunguza springi ya Namba Saba kwa miaka minne. Haina neno. Kamera ni nzima. Kasoro iko kwa wanaopigwa. Mhitaji kwa kawaida yake husimama kwa wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi mwanga haumshiki. Hii ni sayansi."

Ukumbi ukapiga makofi.

"Tena kuna wapigapicha ambao mikono yao imezeeka na inatetemeka. Sipendi kutaja majina. Mmoja yupo hapa, ni rafiki yangu Pandu wa Studio Tabasamu, na nayasema haya kwa uchungu."

Nimesema sijawahi kuisema vibaya serikali. Lakini hili nitalisema lilivyo: nilihisi kama nimevuliwa shati mbele za watu na mtu aliyenisaidia kulivaa. Mikono yangu, ambayo haikuwa imetetemeka hata siku ya kumpiga picha marehemu mama yangu, ilianza kutetemeka palepale, na wajumbe wawili wa tume wakaandika.

Siwema alinipa leso.

Waziri akasimama kutoa uamuzi. Alizungumza saa mbili kasoro robo. Nakumbuka sehemu hii kwa sababu tuliambiwa tuikumbuke: "Kuna nchi ambazo, kikitokea kitu kidogo tu, viwanda vyake hukimbilia kuziita bidhaa nyumbani, kama mzazi anayemwita mtoto mbele za wageni ili amchape. Sisi hatutaidhalilisha kamera yetu! Kamera yetu haijakosa. Lakini Serikali hii ni sikivu. Kijitabu kimesema kitu kirudishwe, na kitu kitarudishwa. Kuanzia Jumatatu, tunawarudisha watu!"

*

Walirudishwa watu elfu kumi na moja na mia tatu, kwa malori. Kiwandani walipangwa kwenye mabanda kufuatana na mwaka waliopotea. Kila mmoja alivishwa kitambulisho cha karatasi shingoni kilichosomeka "Ana Kasoro", wakapimwa urefu, wakapimwa wasiwasi kwa kuulizwa kama wana wasiwasi, kisha wakapelekwa kwenye Mafunzo ya Kuonekana, siku tatu. Walifundishwa kusimama bila kuhitaji kitu. Siwema anasema mwalimu alikuwa kijana mpole, na kila baada ya saa aliwataka watamke kwa pamoja: "Tatizo ni sisi, na tunaendelea vizuri."

Siwema akawa wa kwanza katika mafunzo. Sishangai, mwanamke yule hafanyi kitu nusu. Akateuliwa kupokea cheti kwa niaba ya wenzake wote, kutoka mkononi mwa Waziri, siku ya kufunga. Na mimi, ili niionyeshe nchi kwamba mikono iliyozeeka inaweza kusamehewa, nikaamriwa nipige picha ya kihistoria, kwa Namba Saba yangu ileile.

Pilau ilikuwa imepikwa kwenye masufuria kumi na mawili. Mkurugenzi akasimama kulia. Waziri akawa anakwenda katikati, lakini alipofika akamkuta Siwema keshasimama pale.

"Mama, kule kushoto," Afisa Itifaki akamnong'oneza.

"Sisimami kushoto tena," Siwema akasema, kwa sauti iliyofika masufuriani. "Mhitaji ndiye anayesimama kushoto, na mimi nimehitimu kutohitaji. Si ndivyo mlivyonifundisha? Niulizeni mtihani wowote."

Wahitimu elfu kumi na moja wakapiga makofi, maana walijua jibu hilo ni sahihi. Waziri akatabasamu. Hakutaka kusukumana na mjane mbele ya halaiki, na kamera aliyoitangaza kuwa nzima angeiogopea nini? Akajibanza kushoto, cheti mkononi. Nikawaambia watabasamu. Nikabonyeza.

Itifaki inasema halaiki haili mpaka picha isafishwe na kuonyeshwa. Nusu saa baadaye nikatoka kwenye chumba cha giza, nikaitundika. Siwema alikuwa pale katikati, kwa mara ya kwanza katika miaka minne, anacheka na kanga yake ya maua ya korosho. Mkurugenzi kulia. Kushoto palikuwa peupe, upana wa waziri mmoja.

Halafu sheria ikaanza kufanya kazi yake. Mpishi akaiondoa sahani ya Waziri kwa kuwa hakuja. Dereva alipoitwa alikataa kuufungua mlango wa gari, akasema ana amri ya kumngoja Mheshimiwa. Waziri akapiga kelele, na Afisa Itifaki, mtu mwaminifu kwa kazi yake, akaandika daftarini kwamba kumesikika kelele.

Ndipo Shaweji akaja mbio kutoka jukwaani. Akaninyang'anya kamera, akatia vidole mfuko wa shati, akatoa springi. Ilikuwa ya chuma cha pua, inang'aa, imefungwa kwenye kijikaratasi kilichochakaa kwa kukaa. Bisibisi, kung'oa, kutia, kufunga. Niliitazama saa ya ukutani. Alitumia dakika nne.

Siwema akaondolewa kwa kushikwa mikono na askari wawili. Picha ikapigwa upya, Waziri akatokea vizuri, akapewa sahani yake. Picha ya kwanza ikachomwa moto mbele ya mashahidi, kwa hiyo niliyowaeleza hapa juu hayakutokea.

Nilimfuata Shaweji nyuma ya jiko, anaosha mikono.

"Springi hiyo ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu wiki ya harusi ya Mwatima. Nilitengeneza mbili kwa vipande vilivyobaki kwenye sanamu. Moja nikaitia kwenye kamera yangu, ile niliyokupa siku ile. Hii ilikuwa ya akiba."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nao hawakusema kwamba kinaweza kukaa kwenye mfuko wa shati la mwenzako.

"Harusi ya Siwema ilikuwa kesho yake," nikasema. "Ulijua. Nilikuambia mwenyewe nilipokurudishia kamera. Dakika nne, Shaweji. Ungesema tu niletee yako niitazame."

"Nilijua."

"Basi kwa nini?"

Akajifuta mikono kwenye suruali. "Yule mwanamke mimi simjui, Pandu."

*

Operesheni ilitangazwa kuwa na mafanikio makubwa. Kamera zilizorudishwa ni moja, ile yangu, na sasa imefungiwa nyumbani kwa Waziri. Nililetewa Namba Saba nyingine mpya na barua ya pongezi. Niliifungua usiku uleule kwa bisibisi ya kununua. Ilikuwa na springi ya bati.

Nyumba haikurudi, nasema mapema asije mtu akangoja. Siku ya tisini Hatibu alifika saa moja asubuhi na kufuli yake. Siwema alitoka na cherehani ya marehemu, na picha yao ya harusi, na cheti chake cha kuonekana, ambacho walimpigia picha banda la nyuma, kushoto, kikatoka cheupe. Hivi sasa anaishi chumba cha nyuma cha studio yangu. Ndiye anayepanga wateja, kwa kuwa anaijua jadi kuliko mimi. Sikumwomba radhi kwa ule waraka kwa wiki nyingi. Siku nilipomwomba, alisema, "Wewe ni wa kwanza," akaendelea kushona pazia.

Mwezi uliopita Shaweji akatunukiwa Nishani ya Ukweli. Nishani kwetu haiwi nishani, wala pensheni yake haiandikwi, mpaka ipigwe picha kwenye studio ya wilaya ya mtunukiwa, na wilaya yetu ina studio moja.

Akaja asubuhi, na suti. Mkuu wa Wilaya akakaa kwenye kiti cha katikati. Karani wa Kumbukumbu akasimama kulia, na miwani yake. Shaweji akawa anazungukazunguka nyuma ya viti, anauliza kama leo hatuwezi kupiga picha ya mtu mmoja mmoja.

"Jadi, Mhandisi," Siwema akamwambia, akamwonyesha kwa mkono. "Anayepokea anasimama kushoto."

Akasimama. Akaitazama kamera. Katika nchi nzima hapana mtu aliyejua kuliko yeye kilichokuwa ndani yake. Nikaona mkono wake unapanda taratibu hadi mfuko wa shati, ukapapasa, ukashuka. Akafungua mdomo. Lakini nyuma yangu ukutani, mahali ulipokuwa ule waraka, sasa ulikuwepo ushahidi wake mbele ya tume, umechapwa, una saini yake, na Mkuu wa Wilaya alikuwa amekaa anausoma kwa kupitisha muda. Kamera ni nzima. Springi haina neno. Akaufunga mdomo.

"Usiwe na wasiwasi, Mhandisi," Siwema akasema kwa upole, akimnyooshea kola. "Mtu mwenye wasiwasi mwanga haumshiki."

"Pandu," Shaweji akaniita kwa sauti ya chini, ile ya darasa la tatu, wakati mwalimu anakaribia dawati letu. "Ndugu yangu."

Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa.

"Niachie mimi," nikamwambia. Kisha nikawaambia watabasamu, kama ninavyowaambia wote, nikabonyeza.